Kuku wangu wanakwisha mmoja mmoja, na dawa zote nimeshatumia

Shikamoo mshauri,

Naishi Kibaigwa, wilayani Kongwa, na ninafuga kuku nyuma ya nyumba, wa kienyeji pamoja na chotara wachache. Si mradi mkubwa, ila mayai yake ndiyo yanayonunua madaftari na sabuni, kwa hiyo kuku wakiyumba na sisi tunayumba.

Tangu kiangazi kianze wanakufa, lakini hawafi kwa mpigo. Leo mmoja, siku kadhaa zikipita mwingine. Kuku anaanza kwa kupoa, anajikunyata na kutimua manyoya, upanga wa kichwani unapauka mpaka unakuwa kama karatasi, anakonda hadi mfupa wa kidari unajitokeza. Wengine wanaharisha kijani na kunywa maji sana. Wawili walilegea miguu yote wakashindwa kusimama, huku macho yako wazi na chakula wanakitaka. Karibu vifo vyote ni vya usiku. Nafungua banda asubuhi nakuta maiti. Waliotangulia ni matetea waliokuwa wanaatamia. Mmoja wao, ambaye miaka yote ni mwatamiaji hodari, aliyaacha mayai yake yakiwa karibu kuanguliwa.

Mdondo nimechanja, ile ya matone ya jichoni, na narudia kila baada ya miezi mitatu. Dukani walinipa OTC, antibaiotiki ya kuweka kwenye maji. Kuku wakachangamka kwa muda, kisha yakarudi yale yale. Nikapewa dawa ya kuhara damu, ya minyoo, ya mafua, na vitamini. Nyumbani nimechemsha mwarobaini na nimeponda shubiri. Pesa ya mayai yote imeishia duka la dawa.

Jirani mmoja anasema ni pumba zenye kuvu, maana hapa sokoni pumba ni nyingi na nyingine zilinyeshewa. Lakini bata wangu na vifaranga vyao wanakula pumba hizo hizo na hawana tatizo lolote. Wao wanalala nje chini ya mti kwa sababu bandani hawaenei. Jirani mwingine anasema banda lenyewe lina mkosi. Hilo limenikaa moyoni, kwa sababu banda ni la marehemu baba mkwe, la fito na udongo, na kuku wake nao waliisha hivi hivi. Lilikaa tupu zaidi ya mwaka ndipo nikalifagia, nikamwaga majivu na kuingiza kuku wangu. Hata kuku wenyewe siku hizi wanagoma kuingia jioni. Wanazunguka zunguka mlangoni, wengine wanarukia mtini, mpaka niwaswage kwa fimbo.

Nimeshaagiza vifaranga wengine hamsini. Mume wangu anasema nichinje waliobaki nianze upya. Nifanye nini? Na je, hawa dhaifu tunaweza kuwala?

Mama Wawili, Kibaigwa

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mama Wawili, na pole sana. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umenieleza nani anakufa, anakufa saa ngapi, na nani hafi. Dalili peke yake zingenipoteza. Kuhara kijani kupo kwenye mdondo, kupo kwenye homa ya matumbo ya kuku, kupo kwenye kipindupindu cha kuku, na hata kuku aliyekaa na njaa muda mrefu atakunya kijani. Kukonda na kupauka vivyo hivyo. Ndiyo maana kila ulipokwenda dukani na dalili ulirudi na dawa tofauti, na muuza dawa hakuwa na namna ya kujua zaidi.

Ninaowashuku ni papasi, kupe wanaojificha kwenye nyufa za kuta. Na jambo hili unaweza kulithibitisha mwenyewe usiku wa leo bila kutoa hata shilingi.

Nianze na bata, kwa sababu wao ndio walionifumbua macho. Jirani yako wa kwanza hakuwaza vibaya. Sumu kuvu ni hatari ya kweli, na mkoa wenu unaikumbuka: mwaka 2016 mahindi yenye kuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Sumu yenyewe ilianza kujulikana baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuelewa, hadi ikabainika walilishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Lakini katika ndege tunaofuga, vifaranga wa bata ni miongoni mwa wanaodhurika haraka zaidi kwa sumu hiyo. Kama pumba zako ndizo zinazoua, wao wangetangulia. Wako wazima, wanakula chungu kile kile, na tofauti kubwa kati yao na kuku ni mahali pa kulala. (Pumba zilizolowa zitupe hata hivyo. Usimpe mnyama yeyote.)

Sasa tazama kuku wenyewe. Wanaotangulia kufa ni matetea wanaoatamia, yaani wale wasiotoka bandani usiku wala mchana. Wanakufa usiku. Jioni wanakataa kuingia, na kuku hakatai banda lake bila sababu. Giza likiingia hamu yake yote ni kupanda mahali pa kulala. Ukimwona anapendelea tawi la mti, ambako kicheche anaweza kumfikia, kuliko banda lenye mlango, ujue ndani kuna kinachomuuma. Na tetea hodari hatupi mayai yaliyokaribia kuanguliwa kwa uvivu.

Watu wa Dodoma mnamjua papasi tangu enzi za nyumba za tembe. Huyu wa kuku ni wa ukoo huo, ingawa si yule yule anayewaletea watu homa ya papasi. Ni kupe mwenye ngozi laini, bapa, wa rangi ya kahawia. Akiwa na njaa anafanana na mbegu ya tikiti iliyokauka, akishiba anavimba na kuwa wa kijivu cha bluu. Mchana anajificha ndani ya nyufa za udongo, chini ya magome ya fito, kwenye maungio ya miti ya kulalia na ndani ya viota vya kutagia. Usiku anatoka, ananyonya kwa muda wa nusu saa hivi, anarudi alikotoka. Kwa hiyo ukimshika kuku wako saa nne asubuhi na kumkagua humwoni, na ukimpeleka dukani hawamwoni.

Usidhani ni wadudu wa kuwasha tu. Tetea wa kilo moja na nusu ana damu kiasi cha mililita 100 hivi mwilini, haijai hata nusu ya kikombe cha chai. Papasi wengi wakimnyonya usiku baada ya usiku, upanga utapauka na mwili utakwisha, umlishe nini.

Kuna la pili. Papasi huyu hubeba bakteria aitwaye Borrelia anserina, anayeishi kwenye damu na kumletea kuku homa kali, kiu, usingizi na kuhara kijani. Bakteria huyo hufa kwa dawa za kundi la OTC, na pia kwa penisilini. Hapo ndipo ninapoona maana ya kile kilichokuvunja moyo. Dawa ilifanya kazi, kuku wakachangamka, kisha ukawarudisha kulala kwenye ukuta ule ule wakaumwa upya.

La tatu ni ile miguu iliyolegea. Watoto wa papasi, tofauti na wakubwa, hung'ang'ania kwenye ngozi ya kuku kwa siku 5 hadi 10, hasa chini ya mabawa. Wakiwa wengi, mate yao yanaweza kumpoozesha kuku huku akili yake ikiwa timamu. Ugonjwa wa mahepe nao hupoozesha, lakini mara nyingi huwapata kuku wadogo wa miezi michache, na mara nyingi utaona mguu mmoja umekwenda mbele na mwingine nyuma. Wako ni matetea wakubwa na miguu yote ililegea pamoja.

Na banda lililokaa tupu? Papasi mkubwa anaweza kuishi zaidi ya mwaka mzima bila kuonja damu. Ulipofagia na kumwaga majivu, ulisafisha sakafu; wao walikuwa ukutani wakisubiri. Aliyekuambia banda lina mkosi aliona kitu cha kweli, kwamba tatizo liko kwenye jengo na haliko kwenye kuku wala kwenye mkono wako. Kuku wa baba mkwe na kuku wako wameuawa na wadudu wa ukuta mmoja. Moyo wako utulie kwenye hilo.

Sasa kazi ya usiku. Subiri kuku watulie gizani, kama saa nne usiku. Ingia na tochi polepole, vaa nguo ya mikono mirefu, maana akikosa kuku papasi humuuma na mtu. Kwanza mulika upande wa chini wa miti ya kulalia na pale inapogusa ukuta. Kisha chukua kisu chembamba ukipitishe ndani ya nyufa; kikitoka na damu au na mdudu, jibu umelipata. Mshike tetea mmoja dhaifu, inua bawa, puliza manyoya yapasuke. Watoto wa papasi wataonekana kama vidoa vyeusi au vya zambarau vilivyoganda kwenye ngozi, ambavyo ni rahisi kudhani ni vidonda vidogo. Asubuhi bandua gome la fito moja na uangalie mayai ya kiotani kama yana vidoa vyeusi. Hivyo ni vinyesi vyao.

Ukiona wadudu wadogo sana wenye wekundu, wanaotembea kwa makundi kwenye miti ya kulalia, hao ni utitiri. Nao hunyonya usiku na tiba ya banda ni ile ile.

Ukishawaona, usikimbilie kumtibu kuku kwanza. Ukianza na kuku utarudi pale pale. Watoe kuku wote bandani, lakini usiwapeleke moja kwa moja kwenye makao mapya ya kudumu, kwa sababu wamebeba watoto wa papasi mwilini. Watengenezee kizuizi cha muda cha wavu na turubai, walale hapo siku kumi hivi ili watoto hao washibe na kudondoka huko, kisha hapo nako upapulizie dawa au uchome takataka zake zote. Wapake unga wa kuua wadudu uliotengenezwa kwa ajili ya kuku, hasa chini ya mabawa na kuzunguka mkundu, ukikwepa macho na mdomo.

Banda lenyewe, ningekuwa na uwezo ningekushauri ulibomoe. Fito na udongo vina nyufa zisizohesabika. Najua pengine haiwezekani, basi fanya hivi: toa viota, miti ya kulalia na matandiko yote, uchome moto mbali na nyumba. Kwangua udongo uliolegea. Mwaga maji yanayochemka kwenye kila ufa. Yakikauka, pulizia dawa ya kuua kupe kwa bomba la mgongoni, ukielekeza mdomo wa bomba ndani ya nyufa, kwenye maungio na chini ya paa. Afisa mifugo wa kata akuchagulie dawa inayoruhusiwa kwenye mabanda ya kuku na akupimie kiasi. Rudia baada ya wiki mbili hadi tatu, kwa sababu mayai yaliyomo ukutani yatakuwa yameanguliwa, na mimi ningerudia mara ya tatu. Baada ya hapo piga lipu, hata ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, upake chokaa mpaka ukuta uwe laini.

Miti mipya ya kulalia iwe mbao zilizorandwa, zisizo na gome wala ufa, zisimame kwa miguu yake bila kugusa ukuta. Kila mguu uuweke ndani ya kopo lenye oili chafu. Papasi anayetoka ukutani atashindwa kupanda. Hili halina gharama na ndilo litakalokulinda miaka ijayo.

Ninakuomba sana usiwaogeshe kuku kwa dawa ya ng'ombe uliyoipima kwa macho, wala usitumie dawa ya kupulizia mahindi au pamba. Nimeona kuku waliosalimika na papasi wakauawa na dawa hiyo jioni moja.

Kuku wanaoumwa wasaidie kwa chakula. Wape dagaa, majani mabichi, maji safi muda wote. Wenye homa na kuhara watahitaji antibaiotiki tena, safari hii kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, kwa kipimo na siku zote alizosema, na baada ya kuhamishwa kutoka lile banda. Upanga ukianza kurudisha wekundu utajua damu inarudi. Itachukua wiki kadhaa, na kutaga kutachelewa zaidi.

Kuna ugonjwa mmoja nisioweza kuuondoa kwa barua pekee, nao ni homa ya matumbo ya kuku. Nayo huua kuku wakubwa mmoja mmoja, huwapausha, hutoa kinyesi cha kijani chenye unjano, hutulia kwa antibaiotiki na kurudi. Haielezi kwa nini kuku wanakimbia banda, lakini inaweza kuwapo pamoja na papasi. Kwa hiyo hata ukimkuta papasi, na hasa usipomkuta, peleka kuku maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ana kituo Dodoma mjini. Kuku bora wa kupeleka ni aliye hai, mgonjwa, ambaye bado hajapewa dawa, ili wamchukue damu wakati homa ipo. Kama ni aliyekufa, awe wa asubuhi hiyo hiyo, mzima bila kupasuliwa, ndani ya mifuko miwili na barafu pembeni, usimgandishe. Waeleze yote uliyonieleza mimi, pamoja na habari za bata na orodha ya dawa ulizotumia. Na wakati wowote kuku wengi wakifa kwa pamoja ndani ya siku moja au mbili, usisubiri kujibiwa barua, mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo.

Chanjo ya mdondo endelea nayo. Umeifanya vizuri, na nadhani ndiyo iliyokuachia kuku wa kuniandikia habari zao. Mdondo ukiingia kwenye kuku wasiochanjwa huondoka na karibu wote kwa siku chache.

Kuwala hawa dhaifu, hapana. Ugonjwa haujathibitishwa, na mwilini wana dawa za kila aina ulizowapa. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai, zimeandikwa kwenye kopo au pakiti. Mayai ya siku hizo usiuze na usiwape watoto, ingawa najua yanauma kutupa. Waliokufa wazike kwenye shimo refu au uwachome. Mbwa wasiwafikie.

Na kuhusu ushauri wa baba watoto: nia yake ni njema, anataka hasara iishe. Lakini ukiwachinja wote na kuingiza wengine kwenye banda lile, utakuwa umefanya kilichofanyika baada ya kuku wa baba mkwe. Waliobaki watunze. Mwambie muuzaji wa vifaranga asogeze tarehe mpaka upulize mara ya mwisho na lipu ikauke. Kabla ya kuwapokea, weka kuku wawili wakubwa wazima walale humo usiku kadhaa, kisha uwakague chini ya mabawa kwa tochi. Wakiwa safi, wapokee vifaranga wako.